Wageni Wanne na Mwongozo Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Habari njema. Idara yetu ya Maji inaletewa wataalamu wanne kutoka nje. Watakaa wiki mbili kukagua pampu za kituo cha mlimani, ambazo zimekuwa zikikohoa tangu mwaka juzi. Mkuu wa Idara ametangaza kikaoni kwamba anahitajika mtu wa kuwapa semina ya siku moja. Wale wapi, wavuke vipi barabara, wamwite nani nini. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi. Mama Masijala, anayetunza mafaili ya Idara, naye alinyoosha. Wangu ulikuwa juu zaidi kwa sababu nilisimama.

Mkuu akasema tufanye wote wawili. Yeye aandike karatasi ya mambo muhimu, mimi niendeshe semina. Akaongeza, akiwa tayari mlangoni, kwamba mambo yakienda vizuri Idara itahitaji Mratibu wa Wageni wa kudumu.

Mratibu wa Wageni. Nimeliandika jina hilo mara tatu kwenye karatasi kuona linavyokaa. Linakaa vizuri. Miaka tisa nimekaa chumba kimoja na mashine ya fotokopi. Inaunguruma, inatoa joto, na kila anayekuja kutoa nakala anaegemea meza yangu kama kaunta ya duka. Mratibu lazima apewe chumba cha mwisho wa korido. Kitupu tangu mhasibu wa zamani astaafu. Kina dirisha.

Nimemweleza mke wangu. Ni muuguzi katika zahanati ya karibu na ofisi yetu, mtu asiyeshtuka. Akauliza kama nimewahi kuwa mgeni popote. Nikamwambia hilo halihusiani. Kazi hii ni ya mwenyeji.

Jumanne, 5 Machi

Nimefikiri sana wakati wa kunyoa. Ukimpa mgeni kila anachohitaji siku ya kwanza, siku ya pili anakupungia mkono na kwenda zake. Mwongozo mzuri, basi, ni ule unaomrudisha kwako kila saa. Nimeandika kwa msingi huo. Kurasa arobaini na moja.

Ukurasa wa sita: ukialikwa kikao, fika saa moja baadaye, kufika kwa wakati kunamwaibisha mwenyeji. (Hiyo saa moja nitakuwa nimekaa na Mkuu peke yangu, nikimweleza ninavyowasimamia.) Ukurasa wa kumi na moja: ukipewa kitu chochote, kikatae mara mbili, upokee ya tatu. (Mwongozaji atakuwa karibu kupokea kwa niaba.) Ukurasa wa kumi na saba: ukipotea, simama hapohapo, usimuulize mtu yeyote, nipigie simu nije. Hapo nimeandika namba yangu kwa herufi nene.

Mama Masijala amemaliza yake. Ukurasa mmoja. Zahanati iko wapi, maji ya kunywa yachukuliwe wapi, ofisi zinafunguliwa saa ngapi, namba tatu za simu. Mwisho kaandika: ukipotea, ingia duka lolote useme Idara ya Maji, watakuelekeza. Nikamwambia, kwa upole, kwamba ni fupi mno. Akasema mtu aliyetoka kushuka kwenye ndege hasomi, anatazama tu.

Maskini. Hana upeo.

Alhamisi, 7 Machi

Wamefika. Nilikwenda kuwapokea na shemeji, kaka yake mke wangu, ambaye ni dereva wa Idara. Nilikuwa nimejiandaa kuwa mkalimani. Nimefanya mazoezi ya kusikiliza huku nimeinamisha kichwa, kisha kutafsiri polepole.

Mwanamke mrefu aliyetangulia akanipa mkono na kusema, kwa Kiswahili kilichopigwa pasi, kwamba wamefurahi mno kuwasili na wanatumaini hatukusubiri kwa muda mrefu. Wote wanne wamesoma Kiswahili miezi minane. Shemeji alinitazama kwenye kioo cha gari njia nzima, akicheka kwa macho.

Nimewapa majina ya moyoni. Huyo ni Mrefu. Ana daftari, na anaandika kila kitu, hata nilipopiga chafya. Kuna Mzee, miaka sitini na mitatu, bingwa wa pampu, mpole, hubeba mkoba wa ngozi kifuani kama mtoto. Na kuna vijana wawili wa mabomba wanaofanana hadi nimeacha kujaribu, nawaita Wawili.

Sawa, lugha wanayo. Lakini adabu je? Adabu haisomwi vitabuni. Nimeongeza kurasa nne.

Ijumaa, 8 Machi

Semina. Saa sita za maneno, na sikuchoka.

Asubuhi Mkuu aliniagiza nibandike karatasi ya Mama Masijala mbele ya kila mwongozo. Nilibandika. Kisha nikazitazama. Mgeni akisoma kwanza kwamba aingie duka lolote, halafu ukurasa wa kumi na saba asome kwamba asimuulize mtu, si atachanganyikiwa? Nikazibandua zote nne, nikaziweka kwenye droo ya chini ya mashine, chini ya karatasi tupu. Kwa faida yao.

Mrefu aliuliza, kama kila mtu anafika saa moja baadaye, kwa nini vikao visipangwe saa moja mbele. Nikamjibu kwamba hapo watakuwa wamefika kwa wakati. Akaliandika.

Kwenye salamu nilichukua muda. Niliwaeleza kwamba hapa shikamoo hutolewa kwa anayekusimamia. Mzee akanyoosha kidole akauliza, hata kama msimamizi ni mdogo wako? Nikasema kazini tunahesabu umri wa cheo. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeongezewa elimu.

Baadaye aliniita pembeni. Ana ugonjwa wa sukari, akasema, na lazima ale saa sita mchana, asipokula anaishiwa nguvu. Nikamwambia asijali. Popote atakapokuwa, nitakuwepo.

Jumatatu, 11 Machi

Siku ya kutambulishwa rasmi. Kikao saa tatu. Mkuu aliita wakuu wote wa vitengo, nami nilikaa karibu naye kama nilivyopanga. Saa tatu wageni hawapo. Saa tatu na nusu Mkuu akaacha kuzungumza nami akaanza kuitazama saa ya ukutani. Wakaingia saa nne kasoro dakika mbili. Mrefu akaomba radhi kwamba wamewahi kidogo.

Shemeji kaniambia walifika saa tatu kasoro robo. Walikaa ndani ya gari, nje ya lango, wameshika saa zao mkononi. Alipowaambia waingie walikataa. Mara mbili.

Haikuishia hapo. Mzee alipita mbele ya Mkuu, akamwambia hujambo, akaja hadi nilipo, akainama na kusema, "Shikamoo."

Nikaitika marahaba. Ilitoka yenyewe. Nina miaka thelathini na tisa. Mama Masijala akafunga faili lake polepole. Kikao kilipoisha Mkuu aliniuliza, kwa sauti ya chini sana, nimezaliwa mwaka gani.

Jumanne, 12 Machi

Nimetuliza mambo. Nimemwambia Mkuu kwamba kwao ndivyo walivyo, hawajali saa, na wana mila ya kuwaheshimu vijana. Nimewaambia wageni kwamba Mkuu amefurahi mno.

Kituoni mlimani, fundi mkuu aliwapa Wawili kofia za kazi. Wakakataa. Akawapa tena, wakakataa. Fundi mkuu si mtu wa kubembeleza, akazirudisha kabatini. Dakika kumi baadaye mmoja wao akagonga kichwa kwenye bomba la kutolea maji. Nundu kama limau. Alisema hana neno, tatizo ni lake, hakuelewa kwamba ya tatu huwa haitolewi.

Mama Masijala aliniuliza kama wageni wameisoma karatasi yake, maana haoni dalili. Nikamwambia wanasoma polepole. Alinitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumatano, 13 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa, kwa kuwa daftari hili ni langu na hakuna wa kunisoma.

Asubuhi Mzee alitoka nyumba ya wageni kwa miguu. Pampu ya tatu inahitaji mpira wa kuzibia, naye alitaka kuutafuta mwenyewe kwenye duka la vipuri. Njia ni ya dakika kumi. Alikunja kushoto mapema mno, akaingia mitaa ya mafundi, akajikuta kwenye njia panda asiyoijua. Hiyo ilikuwa saa tatu na robo.

Akatoa mwongozo wangu mfukoni mwa koti. Akafungua ukurasa wa kumi na saba. Akasimama hapohapo, akanipigia simu.

Simu yangu ilikuwa imezimwa. Nilikuwa kwenye chumba cha mwisho wa korido, nimejifungia na shemeji, tunapima dirisha kwa ajili ya pazia. Sikutaka kusumbuliwa. Shemeji alishika futi, mimi naandika vipimo. Tulibishana kuhusu rangi. Nilitaka ya kijani iliyokoza. Kisha tukapima mahali pa kabati, na mahali pa viti viwili vya wageni. Saa sita ilipita nikiwa nimesimama kwenye kiti.

Kwenye njia panda kuna fundi cherehani, mwanamke wa makamo, anashonea barazani. Ndiye aliyesimulia. Alimwona babu wa watu amesimama juani na mkoba kifuani. Akamkaribisha kivulini, akakataa. Baadaye akampelekea kiti, akakataa, akashukuru vizuri sana. Fundi akaona basi, mtu mzima halazimishwi, akarudi kwenye cherehani yake. Saa saba hivi alimwona anayumba. Hapo hakuuliza tena. Alimshika mkono akamketisha kwa nguvu, na kitu cha kwanza Mzee alichosema ni, "Ahsante. Nilikuwa naisubiri ya tatu."

Alimpa chai yenye sukari, ila mikono yake ilikuwa inatetemeka hawezi kushika kikombe. Alimnywesha kwa kijiko.

Aliyempata ni Mama Masijala. Nyumba ya wageni walipiga simu ofisini saa sita na nusu kwamba babu hajarudi kula. Mimi natafutwa, sionekani. Yeye hakutafuta mtu wa kumlaumu. Alitoka na mwavuli wake, akaanzia kwenye duka la vipuri na kuulizia duka kwa duka kurudi nyuma. Dakika ishirini na tano.

Nilifungua mlango saa nane kasoro, na futi shingoni. Korido nzima ilikuwa imejaa watu. Mkuu aliitazama futi.

Alhamisi, 14 Machi

Mzee yuko zahanati. Anaendelea vizuri. Zahanati yenyewe ni ile ya mke wangu, na zamu ilikuwa yake. Ndiye aliyemvua koti na kukuta mwongozo mfukoni, umekunjwa kwenye ukurasa wa kumi na saba.

Jana jioni aliuweka mezani karibu na sahani yangu. Hakugomba. Afadhali angegomba. Alikula, akaondoa vyombo vyake, kisha akauliza, "Umeandika wewe hii?"

Nikasema ndiyo.

"Usimuulize mtu yeyote?"

Nikaanza kueleza kwamba lengo lilikuwa uratibu. Akasema, "Baba watoto, huyu mtu alikuwa akufie njia panda kwa sababu ya kukutii." Akaenda kulala. Mimi nilibaki na sahani ikapoa.

Asubuhi Mama Masijala alikwenda kuongeza karatasi kwenye mashine. Nilimsikia akivuta droo ya chini. Aliziweka karatasi zake nne mezani kwangu, moja pembeni ya nyingine, zimelingana. Nilifikiria kusema ni mashine. Imewahi kumeza karatasi za watu. Lakini aliponitazama nikaliacha. Akasema tu kwamba hatampelekea Mkuu, nizipeleke mwenyewe.

Nilizipeleka. Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema niende kwanza kwa niliyemkosea, halafu nirudi kwake.

Mzee alikuwa amekaa kitandani, anachora pampu kwenye bahasha. Alipotaka kuniamkia nilimzuia. Nikamwambia shikamoo. Nikamweleza yote, karatasi, droo, pazia. Aliuliza pazia la rangi gani. Nikasema kijani. Akafikiri.

"Nimefanya kazi nchi kumi na moja," akasema. "Kila nchi walinipa mwongozo. Nyingine vitabu vizima. Sikumbuki hata kimoja. Nakumbuka watu niliowauliza njia."

Kisha akasema nisimnyime fundi cherehani haki yake, nimpelekee salamu. Hakukasirika. Ningejua la kufanya kama angekasirika. Nililia kidogo kwenye ngazi za zahanati, na mke wangu alipita na sinia la dawa akajifanya hanioni. Nilimshukuru moyoni.

Nimejifunza. Naandika kwa herufi kubwa ili nisisahau. NIMEJIFUNZA.

Ijumaa, 15 Machi

Mkuu ameamua. Barua ya onyo kwenye faili langu, na faili linatunzwa na Mama Masijala. Cheo cha Mratibu amepewa yeye. Chumba pia. Nilimsaidia kuhamisha mafaili, makabati matano, na niliona haya kiasi kwamba sikupumzika hata mara moja. Aliniambia vipimo vyangu vya dirisha vimemfaa.

Amewapa wageni semina upya. Dakika ishirini, wamesimama. Nilikaa nyuma nikasikiliza. Aliwaambia shikamoo ni ya aliyekuzidi umri, saa tatu ni saa tatu, ukipewa kofia vaa. Mrefu alifuta mistari mingi kwenye daftari, anapiga rula kila mstari. Alipomaliza Mama Masijala akasema kuna jambo mwenzake anataka kuongeza. Sikutarajia. Nilisimama nikasema mtu akipotea aulize, aulize yeyote, na samahani. Wawili wakapiga makofi. Nadhani hawakuelewa kwamba ilikuwa ni toba.

Nimepita kwa fundi cherehani na salamu. Alinihoji mimi ni nani. Nikasema natoka ofisini.

Alhamisi, 21 Machi

Wameondoka. Pampu zote tatu zinafanya kazi, na leo maji yamepanda hadi nyumba za juu kabisa, jambo ambalo watu wa kule walikuwa wameanza kulizungumza kama hadithi. Wiki hii yote wageni walizunguka mji wenyewe. Wawili wanawajua wauza matunda kwa majina. Mzee alikuwa akienda kunywa chai kwa yule fundi cherehani kila siku, na amerekebishiwa koti. Hakuna aliyeniuliza kitu. Ni sawa.

Pale uwanja wa ndege Mrefu alitoa barua rasmi. Wanamwalika Mama Masijala kwao kwa miezi mitatu, akawasaidie kupanga kumbukumbu za pampu za miji yote wanayoihudumia. Hawajawahi kuona mafaili kama yake. Mkuu alitabasamu mpaka masikioni. Mama Masijala alishika barua kwa mikono miwili, akaisoma, akaikunja, akaisoma tena. Nilipompa mkono wa hongera ulitoka rohoni, wallahi.

Anaondoka mwezi wa tano. Akamwambia shemeji, njiani kurudi, kwamba hajawahi kuvuka mpaka hata mmoja na hajui aanzie wapi.

Nilisikia. Nilikuwa kiti cha nyuma.

Jumatatu, 25 Machi

Siku tulivu. Mke wangu anazungumza nami kama kawaida. Mkuu ameniitikia salamu.

Nimekuwa nikimfikiria Mama Masijala. Mwanamke peke yake, nchi ya watu, miezi mitatu, na amenitendea wema ambao sikustahili. Nani atamwandaa? Ofisi nzima hakuna aliyefika kule. Mimi pia sijafika. Lakini niliwatazama wanne kutoka huko kwa wiki mbili kamili, tena kwa karibu, na huo ni utafiti.

Nimeanza leo asubuhi, kabla watu hawajaja na nakala zao. Hadi saa nne nilikuwa na kurasa kumi na nane. Kule watu huonyesha furaha kwa kunyamaza. Kule ukimtembelea mtu unabeba daftari, na unaandika mbele yake, la sivyo ataona humjali. Kule nundu kichwani haizungumzwi.

Kuna mambo mawili matatu sina hakika nayo. Hayo nimeyaandika kwa herufi nene, ili ayaamini.